FamilySearch kwa sisi wajukuu wa manamba: maoni yangu baada ya kuitumia

Nyota nne kati ya tano. Bei: bure kabisa, gharama yako ni bando tu.

Nianze na jambo ambalo ningependa mtu aniambie mapema. Kwa ukoo usio na karatasi, FamilySearch, huduma ya mtandaoni ya kutafuta wahenga na kuandika mti wa ukoo, inafaa sana, ila inategemea unakwenda kufanya nini. Ukienda ukitarajia kuandika jina la babu na kukuta cheti chake cha kuzaliwa kinakungoja, utachoka haraka. Ukienda ukiwa na yale ambayo wazee wako wanayajua, ukayaweka pale kwa utaratibu ili upande wa pili wa ukoo uweze kuyaona na kuyasahihisha, hutajuta. Mimi nimeitumia kwa hilo la pili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu Muheza. Babu mzaa baba alitoka Buha, Mkoa wa Kigoma wa leo, akaja Tanga kukata mkonge. Alikuwa manamba, kibarua wa mkataba ambaye kambini alijulikana zaidi kwa namba yake kuliko kwa jina la baba yake. Kwa watu wa Tanga hili si geni. Kambi za mkonge zilijaa Waha, Wabena, Warundi, Wamakonde na wengine wengi, na nusu ya mtaa wetu ina babu aliyefika hivyo. Kila mtoto wa shule anafundishwa kwamba Dakta Richard Hindorf aliuleta mkonge mwaka 1893 na kwamba miche 62 tu ndiyo ilifika hai. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000. Idadi ya miche tunaijua, tani tunazijua, lakini majina ya waliokata majani na kusimama kwenye korona, mtambo wa kusaga majani ya mkonge, mchana kutwa yamebaki vichwani mwa watoto wao, nao wanazeeka. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Babu hakurudi kwao. Alioa Mbondei, akasilimu, akapata jina jipya, akazikwa huku. Tulichobakiwa nacho ni kwamba kwao ni Heru, moja ya tawala za jadi za Buha, baba yake alikuwa na ng'ombe, na alimwacha dada mdogo. Picha hatuna hata moja. Kuna kipande kimoja cha kazi, ile kadi yenye vyumba vya kutiwa alama siku thelathini, imepasuka kwenye mkunjo, na jina lililoandikwa juu yake halisomeki vizuri.

Sasa, huduma yenyewe. FamilySearch ilianza mwaka 1894 kule Salt Lake City, Utah, Marekani, kama chama cha kutafiti nasaba chini ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Tangu mwaka 1938 wamekuwa wakipiga picha za daftari za zamani duniani kote, na mwaka 2021 walimaliza kuzigeuza rola milioni 2.4 za filamu kuwa picha za kompyuta. Unafungua akaunti, unapakua programu kwenye simu, basi. Baadhi ya picha za daftari hazifunguki nyumbani, mpaka uende kwenye vituo vyao, ambavyo kwa kawaida huwa ndani ya majengo ya kanisa hilo.

La dini nalisema wazi, maana ukoo wangu una Waislamu na Wakristo, na swali hili liliulizwa kwenye kikao cha familia kabla sijaandika jina hata moja. Kanisa hilo linaamini katika kuwabatiza wafu kwa niaba, na nasaba kwao ni sehemu ya ibada. Utaratibu wao unataka muumini ashughulikie wahenga wake mwenyewe, na kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita wanataka ruhusa ya ndugu wa karibu. Kuna familia ambazo hilo litawafanya waache, na nawaelewa. Kwetu baba mdogo, ambaye ni imamu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba wao wanafanya ibada yao na sisi tunaandika nasaba yetu. Tukaendelea. Ninachoomba ni kwamba wazee waambiwe kabla, wasije kulisikia kwa jirani.

Kwa Uingereza au Marekani, mtu anafungua sensa, anafungua daftari la ubatizo, anapata babu wa babu kabla chai haijapoa. Huku kwetu enzi za ukoloni Waafrika wengi hawakuandikishwa kuzaliwa wala kufa, kwa hiyo daftari la kupiga picha halipo. Afadhali upande wa bibi. Wabondei wana misheni ya Magila hapa hapa Muheza, na Waanglikana walikuwa wakiandika ubatizo tangu karne ya 19. Lakini kwa Mwislamu aliyetoka Buha na kipande mkononi, chanzo ni mdomo wa mtu mzima.

Na hapa ndipo programu hii ilinishangaza kwa uzuri, kwa sababu haikudai cheti. Kwa kila jambo unaloandika kuna sehemu ya kueleza kwa nini unaamini ni kweli. Mimi naandika: "Amesema shangazi, binti wa pili wa marehemu, akiwa nyumbani kwake." Tarehe si lazima iwe kamili. Unaweza kuandika takriban mwaka fulani, au kabla ya mwaka fulani, na mfumo unaelewa. Jina lina nafasi ya majina mengine, kwa hiyo jina la Kiislamu limekaa juu, la Kiha limekaa chini yake, na lile la utani la kambini pia lipo. Wake zaidi ya mmoja wanaingia bila shida, kila mke na watoto wake. Mtoto wa kulelewa ana aina yake ya uhusiano, mtoto wa kambo ana yake. Ndugu wa kunyonya ziwa moja hawana mahali pao, nao nimewaweka kwenye historia fupi ya maisha ya mhusika, maneno mawili matatu.

Nieleze jinsi nilivyomrekodi shangazi, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe na huko ndiko wengi wanakwama. Ukimkalisha mzee kwenye kiti, ukamwekea simu mbele ya mdomo, anakuwa kama yuko mahakamani. Anajibu ndiyo, hapana, sikumbuki. Shangazi yangu huongea mikono ikiwa na kazi. Mara ya kwanza alikuwa anapepeta mchele, maneno yakatoka vizuri, lakini ungo ukaifunika sauti yote. Basi nikamletea ukili. Akisuka ukili mikono inakwenda kimya na kichwa kinafunguka. Simu niliilaza kwenye mkeka karibu na goti lake, redio ya jirani tukaomba izimwe, tukaanza baada ya alasiri watoto wakiwa madrasa. Rekodi nilizikata vipande vifupi vifupi kila kimoja na kichwa chake: safari ya kuja, kambi, ndoa, ndugu wa Buha. Kisha nikaziweka kwenye ukurasa wa babu. Mtu akifungua ukurasa ule leo anamsikia binti yake akimzungumzia kwa lafudhi ile ile ya kwao.

Maswali ya miaka usiulize kwa miaka. Nilimuuliza, "Shangazi, baba alipoondoka Heru, mwami alikuwa nani?" Mwami ni mtawala wa jadi wa Waha. Akasema, "Jina silijui mwanangu. Ila alikuwa akisema yeye aliondoka yule mwanamke bado hajakaa. Habari za mwanamke alizikuta huku huku kambini, kwa waliokuja nyuma yake, akakataa kusadiki." Yule mwanamke ni Mwami Theresa Ntare, aliyetawala Heru tangu miaka ya 1940. Halafu shangazi akaongeza kwamba kaka yake mkubwa alizaliwa vita vya Hitla vimekwisha na watu kambini wakipewa nguo. Hiyo ni 1945 au karibu na hapo. Ukiviweka pamoja, babu alifika wakati wa vita, na historia inakubaliana na hilo: Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ulihitajika kuliko wakati mwingine wowote, na serikali ya Waingereza ilifika mahali pa kuchukua vibarua kwa lazima.

Alisema pia kwamba babu alipanda treni Kigoma, akashuka, akapakiwa lori, kisha akatembea. Kijana mmoja wa familia alibisha, akidai treni inafika mpaka Tanga. Wakati ule haikuwa inafika. Reli ya Kati na reli ya Tanga ziliunganishwa mwaka 1963 kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Shangazi hajawahi kusoma habari za reli popote, alikuwa anarudia alichoambiwa na baba yake, na alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo hakuna anayebisha rekodi zake nyumbani.

Jambo jingine la kuuliza kwa makini ni udugu wenyewe. Mzee akikwambia "yule ni baba yangu", muulize kama ni baba aliyemzaa au baba mdogo. Akisema "kaka", muulize kama ni tumbo moja. Mti ule wa kwenye simu unataka mzazi na mtoto, na ukiandika kama unavyosikia, utawafanya mabinamu kuwa ndugu wa tumbo na mababa wadogo kuwa waume wa bibi yako.

Upande wa Buha tuliupata kwa njia ya watu. Mwalimu mwenzangu ambaye kwao ni Kasulu aliwauliza wazee wake kwenye simu, nao wakauliza wengine, mpaka akapatikana mzee mmoja ambaye mama yake alikuwa na kaka aliyekwenda "Manamba" asirudi. Namna tulivyofanya baada ya hapo ndiyo ninayoipendekeza kwa kila mtu. Hatukumwambia chochote. Tulimwomba mjukuu wake amrekodi mzee akitaja watoto wote wa nyumba ile kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na waliokufa wadogo, ndipo tukamsikilizisha shangazi rekodi ya mzee, na ya shangazi tukampelekea mzee. Mpangilio ulikuwa mmoja. Hata yule mtoto aliyefariki kabla ya kutembea, ambaye shangazi alimtaja kwa sauti ya chini, mzee alimtaja mahali pale pale. Na jina la Kiha la babu, ambalo sisi tulikuwa tukilitamka nusu, yeye alilitamka lote. Nikalinganisha na ile kadi ya kipande: herufi tatu za mwanzo ndizo, na mkia wa herufi ya mwisho unafanana.

Nikamtumia yule mjukuu namba ya utambulisho ya babu kwenye mti, maana kila mtu aliyewekwa pale ana namba yake ya herufi na tarakimu. Akafungua akaunti yake Kasulu, akauona ukurasa, akaanza kuongeza watoto wa dada mdogo wa babu. Nami nikiwa Muheza naona jina linaingia baada ya jina. Kuna shangazi wawili ambao sikujua kama wapo duniani. Hilo ndilo lililonifanya niipende huduma hii, kwamba mti ni mmoja na pande mbili za nchi zinaandika mahali pamoja bila kupelekeana daftari.

Kuwa mti mmoja kuna upande wake mwingine pia. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kubadilisha ukurasa wa marehemu wako, kwa sababu huo ndio mfumo wao tangu mwanzo: hakuna mti wako na mti wangu. Kinga ipo. Kila badiliko linaandikwa ni nani kafanya na lini, unaweza kurudisha la awali, unaweza kumwandikia aliyebadilisha, na ukichagua kumfuatilia mhenga fulani unaletewa taarifa akiguswa. Bado, kwa mtu anayetaka daftari lake peke yake, hapa si mahali pake. Nyota iliyopungua ni kwa sababu hiyo.

Walio hai ni habari tofauti. Kwa kawaida uliyemwandika akiwa hai unamwona wewe tu. Marehemu wanaonekana na wote, pamoja na picha na sauti ulizowawekea. Kwa hiyo kikao chetu kilipitisha kwamba sababu za vifo haziandikwi, na habari za nani alimkosea nani kambini hazitoki nje ya rekodi zilizo kwenye simu yangu. Shangazi alitaja mambo ya nyapara mmoja ambaye wajukuu wake tunaishi nao mtaa mmoja. Hayo sikuyapandisha.

Kuhusu mahali: unaweza kuandika jina la kijiji kama mzee alivyolitaja, kisha ukachagua eneo rasmi lililo karibu ili mfumo uweze kutafuta. Hili kwa watu wa Kigoma ni muhimu mno. Waha walikuwa wakiishi kwa kutawanyika milimani, kila boma na migomba yake, na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamishia kwenye vijiji vya pamoja. Mlima aliozaliwa babu leo hauna nyumba. Ukiandika jina la kijiji kipya peke yake, baada ya miaka ishirini mjukuu atakwenda kutafuta mahame mahali ambapo hayapo. Nimeandika mlima, nikaongeza kwenye maelezo kijiji walichohamishiwa na jina la kijito kilicho chini yake, kama mzee wa Kasulu alivyotaja.

Njia nyingine nazo tulizigusa. Ndugu yetu aliye ng'ambo alilipia kampuni moja ya kupima vinasaba, akatema mate kwenye kichupa, akaletewa asilimia za eneo pana linaloanzia Maziwa Makuu hadi pwani. Hakuna jina, hakuna mlima. Ofisi ya shamba moja la zamani tuliyoiendea ilisema vitabu vya vibarua viliisha kwa mchwa na mvua. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina majalada ya serikali ya kikoloni, na kwa anayetaka kuelewa namna vibarua walivyochukuliwa na kusafirishwa ni hazina. Jina la mkata mkonge mmoja kulikuta mle ni bahati. Shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge, lile watu waliloliita SILABU, lilianza mwaka 1944, kwa hiyo aliyefika baada ya hapo ana nafasi zaidi kidogo ya kuwa aliandikwa mahali fulani kuliko babu yangu.

Nampendekezea nani? Mwenye mzee hai, simu yenye nafasi ya kutosha, na angalau ndugu mmoja upande wa pili atakayefungua akaunti yake. Mwenye mzee aliyebakiwa na nguvu kidogo asianze na programu wala na akaunti, aanze na kurekodi leo, kupandisha atapandisha baadaye. Asiye na mtandao mzuri aandike majina kwanza, picha na sauti azisubirishe mpaka afike mjini.

Kwetu limebaki jambo moja ambalo pande mbili hazijakubaliana. Shangazi anasema mama yake babu alikuwa mke wa kwanza wa nyumba ile. Mzee wa Kasulu anasema alikuwa wa pili, na kwamba mke wa kwanza alirudishwa kwao kwa kukosa mtoto. Nimeacha ndoa zote mbili kwenye mti, kila moja na jina la aliyeisema na rekodi yake. Mjukuu wa Kasulu amesema kuna bibi mmoja upande wa Kibondo, ametoka kwenye ukoo wa yule mke aliyerudishwa, na atakwenda kumsikiliza likizo ya Desemba.